Majivu ya Jumapili

Habari ya kifo cha Yusufu ilinikuta jikoni kwangu, Shinyanga mjini, nachambua mchele. Mama Minza alinipigia mwenyewe, na yeye si mtu wa kupiga. Kwa kawaida anabipu halafu anangoja umtafute. Siku hiyo alisubiri nipokee, kisha akaanza salamu zake ndefu za Kisukuma, mwadila, mhola, watoto, mvua, mgongo, nami nikawa naitikia moja moja huku nikijua fika kwamba hajapiga simu kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, ili aulize mvua. Mwishowe akasema, "Rejina, ng'wanawane, fundi wako ametutoka. Wamemzika jana." Fundi wako. Nimeolewa, nimemzika mume, watoto wangu wanajitegemea, na bado kwa Mama Minza yule mtu alikuwa fundi wangu. Nilishukuru, nikakata simu, nikamaliza kuchambua mchele wote ingawa sikuwa na nia tena ya kuupika. Kisha nikaketi na simu mkononi nikaanza kumtafuta Yusufu humo ndani.

Sikumpata. Siku hizi mtu akifa anaacha picha zake kila mahali. Nina mwalimu mwenzangu aliyefariki zamani, na kila mwaka mtandao unanikumbusha nimtakie heri ya kuzaliwa, na kuweka puto za rangi juu ya jina lake. Yusufu hakuacha kitu. Hakuna picha, hakuna ujumbe, hakuna hata sekunde moja ya sauti yake, ile sauti ya chini yenye lafudhi ya Kahama iliyochanganyika na ya pwani, maana babu yake alikuja bara na biashara ya nguo akanogewa. Na kosa si la mtu mwingine. Mimi na yeye tulitumia mwaka mzima wa ujana wetu kujenga mtandao usioweka kumbukumbu za mtu yeyote, na tulifaulu. Nilikaa pale jikoni nikamkasirikia, halafu nikajikasirikia mwenyewe, halafu nikalia. Nitasema wazi, umri wangu unaniruhusu: nilimpenda. Nisichokijua, na kilichonisumbua miaka yote kama kokoto ndani ya kiatu, ni kama naye alinipenda au nilijipikia nikajipakulia mwenyewe. Nikaamua kwenda Nyarugusu kwenye arobaini yake, nikamwombee, na kama kuna mtu anayejua jibu, nimuulize.

Mara ya kwanza nilifika huko nikiwa na cheti cha kompyuta na jozi mbili za viatu visivyofaa kwa vumbi lile. Niliajiriwa kupiga chapa kwenye duka la steshenari lililofungwa kabla sijazoea njia ya kwenda chooni. Mama Minza, aliyekuwa ananipikia na kunipangisha chumba, akaniambia nisirudi kwetu na aibu. Nivuke tu huo ukuta, kuna fundi simu ana kazi nyingi na hana mtu wa kumsaidia. Ukuta wenyewe ulikuwa turubai la bluu. Nyumba zote za upande ule zilikuwa hivyo, nguzo, turubai na bati juu, na karasha za kusaga mawe zilinguruma kuanzia asubuhi hadi jioni kiasi kwamba zikizimwa ghafla watu walikuwa wanashtuka na kuulizana kuna nini. Ukikohoa chumbani kwako, jirani wa tatu anakuambia pole. Ndiyo maana watu wa pale walikuwa na adabu yao ambayo sijaikuta penginepo: ulichokisikia kupitia turubai, hukukisikia. Mke na mume waligombana usiku, asubuhi mnasalimiana nao kisimani kwa uso mkavu kabisa, na ole wake atakayemuuliza mwenzake habari ya jana. Mama Minza alinifundisha hilo siku ya kwanza. "Hapa macho ni yako," alisema, "masikio ni ya turubai."

Chumba cha karakana ya Yusufu ningeweza kukichora hata leo. Mlango upande wa magharibi. Meza moja ya mbao za kreti, imejaa alama za moto. Upande wa ndani, kwenye kiza, palikuwa na kiti chake, na pembeni ya kiti chake katoni kubwa la betri chakavu. Upande wa mlangoni palikuwa na stuli yangu, kwa sababu nilihitaji mwanga. Yeye alikuwa na taa yake ndogo ya kulehemia na alidai inamtosha. Kando ya mlango, kwenye ubao mrefu, simu za wateja zilipangwa kuchajiwa, nyaya zimeningʼinia chini. Chumba kilinuka risasi iliyoyeyuka, na saa za mchana kilinuka pia dagaa wa Mama Minza, kwa kuwa jiko lake lilikuwa nyuma ya turubai, na alikuwa anatupitishia sahani kwa chini bila kuinuka. Jioni ilikuwa zamu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Yusufu alikuwa anaitafuna ile michembe mikavu polepole huku amefumba macho, nami nikawa namcheka kwamba mtu wa Nyasubi, Kahama mjini, anajifanya Msukuma. Aliniita Mwalimu kabla sijawa mwalimu, kwa sababu ya kile cheti.

Wazo la mtandao lilitokana na uchungu wa Mama Minza. Yeye na wanawake wenzake watatu walikuwa na duara lao kwenye mteremko mmoja, shimo dogo ambalo wanaume walilidharau. Siku walipopata jiwe lenye kung'aa, mmoja wao alijipiga picha amelibusu, akaiweka kwenye mtandao wa dunia nzima ili ndugu zake wa Bukombe waone. Simu ikaongeza jina la mahali yenyewe, bila kuulizwa. Kabla wiki haijaisha rashi ikalipuka. Watu walishuka kutoka kila upande na majembe na magodoro, mabroka nao nyuma yao, na mwishowe akatokea mtu mwenye leseni ya mteremko ule ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wanawake walisukumwa pembeni. Watatu wakaishia kuponda mawe ya wengine kwa nyundo, na Mama Minza akarudi kwenye masufuria. Siku hiyo alikuja mlangoni kwetu, mikono ina unga, akamuuliza Yusufu, "Sisi tulisema na ndugu zetu. Nani aliyeiambia dunia?"

"Simu, mama," Yusufu akajibu. "Ukiongea humo, unaongea nyumbani kwa mtu mwingine. Mwenye nyumba anasikia yote, na anayauza."

"Basi tutengenezee nyumba yetu."

Aliyasema hayo kwa hasira, kama mtu anavyosema nitahama, lakini Yusufu hakuyachukulia hivyo. Alikuwa na rundo la vifaa vya intaneti vilivyotupwa na maofisi ya mjini. Akaanza kuvifungua, kuvifuta, kuvipakia programu nyingine alizozitafuta kwa shida, na mimi nikasoma maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa na watu wa mbali wasiojua kwamba kuna mahali kama Nyarugusu. Kila kisanduku tulikifunga juu ya mti au bomba kwenye nyumba ya mtu, na betri ya pikipiki chini yake. Kisanduku cha nyumba hii kiliongea na cha nyumba ile, na kile na kingine, mpaka ujumbe ukavuka kilima bila kugusa mnara wa kampuni yoyote. Hakukuwa na kisanduku kikuu. Kila nyumba ilitunza maneno ya watu wake, yamefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye simu ya mwenye maneno peke yake. Siku ujumbe wa kwanza ulipofika kwa waponda mawe upande wa pili, ukiuliza kama wamekula, tulisikia vigelegele kwa masikio yetu kabla jibu halijafika kwenye simu. Yusufu alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile.

Kanuni zilitungwa jikoni kwa Mama Minza, wanawake wameketi juu ya ndoo na viroba, mimi naandika. Yeye ndiye aliyetupa jina. Alisimulia kwao Songwa, alipokuwa msichana, jinsi baba yake alivyokuwa anakoka shikome, ule moto wa jioni uani, na watu wa boma na majirani wanakaa kuuzunguka na kuongea yote, ya ng'ombe, ya posa, ya ugomvi. "Kinachosemwa shikomeni kinaishia shikomeni," alisema. "Asubuhi sisi wasichana tunazoa majivu, tunamwaga. Hakuna anayechambua majivu kutafuta maneno ya jana." Basi mtandao ukaitwa Shikome, na kila Jumapili jioni, jua likizama, majivu yalizolewa: ujumbe wote, wa maandishi na wa sauti, uwe umefunguliwa au la, ulifutika kwenye visanduku vyote na kwenye simu zote. Nilibisha kidogo. Niliuliza kama si afadhali mtu aweke anachokipenda. Mama Minza akanitazama kwa huruma. "Unachokipenda kiweke hapa," akasema, akajigonga kifuani kwa mwiko.

Kanuni moja niliitunga mimi. Dada mmoja mponda mawe alikuja kikaoni na jicho limevimba. Mume wake alimtumia ujumbe kwenye ule mtandao mkubwa, akaona zile tiki kwamba mke amesoma, na kwa kuwa mke alikuwa na nyundo mkononi na hakujibu papo hapo, alipofika nyumbani akapigwa. Nilipandwa na hasira. Nikasema Shikome isiwe na tiki. Isimwambie mtu yeyote kama maneno yake yamefika, yamesikilizwa au yamepuuzwa. Na isionyeshe nani amemsemesha nani. Anayetaka kujibu atajibu, asiyetaka asiandamwe. Wanawake wakapiga makofi. Yusufu alikuwa amesimama penye upenyo wa turubai na kikombe chake, akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mwalimu," akasema, "hiyo ndiyo kanuni nzuri kuliko zote." Nililala na maneno hayo kama msichana wa sekondari.

Zilifuata siku ambazo, nikiulizwa leo furaha ni nini, nitazitaja hizo. Asubuhi tulikuwa tunapanda juu ya mapaa kurekebisha visanduku vilivyopindishwa na upepo, Yusufu juu, mimi chini nashika ngazi na kumfokea asidondoke. Mchana tulilehemu. Tuliongea juu ya kila kitu isipokuwa sisi wenyewe. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki wa Ushirombo ninayeimba kwaya, na kila mmoja alimwona mwenzake ana sababu ya kukaa kimya. Mara moja tulitembelewa na bosi mmoja mnunuzi wa dhahabu, Ndaki, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akaagiza ugali na sato kwa Mama Minza, akala hapo hapo mezani kwetu kati ya simu zilizofunguliwa. Alitaka kutupa mnara mrefu na sola kubwa. Alichoomba ni kidogo tu: maneno yote yapite kwake na yahifadhiwe kwake, kwa usalama.

"Bosi, sina cha kukupa," Yusufu alimwambia. "Hata mimi niliyetengeneza siwezi kufungua. Na Jumapili yanazolewa."

"Yote?"

"Yote."

Bosi Ndaki akanawa mikono, akafuta midomo. "Iko siku utatamani kitu ulichokimwaga, fundi," akasema bila ubaya wowote, akaenda zake. Tulimcheka alipoondoka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mwishoni mwa masika nilikwenda Ushirombo kwenye harusi ya binamu yangu. Nyumba ya harusi haikuwa na umeme, simu yangu ilizima Ijumaa, na sikujali, maana Shikome haikufika huko na hakuna mwingine niliyetamani kumsikia. Nilirudi Jumamosi jioni nimechoka. Karakana ilikuwa imefungwa. Mama Minza akasema fundi amekwenda Nyasubi kwa mama yake, atarudi Jumatatu. Jumapili nilikwenda misa, nikafua, nikalala. Simu ilibaki imekufa ndani ya mkoba. Mahali pa kuchajia palikuwa karakana, na karakana ilikuwa na kufuli.

Jumatatu niliingia nikaikuta imefagiliwa. Yusufu alikuwa amekwisha kuketi, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe katika vumbi lile. Katoni la betri halikuwa pembeni yake. Lilikuwa limesogezwa mpaka upande wangu, karibu linizuie kupita, na pale lilipokuwa palikuwa wazi, na gunia safi limekunjwa chini. Nikamtania. "Fundi, leo umevaa kama bwana harusi." Hakucheka. Nikachomeka simu yangu kati ya simu za wateja, nikasukuma katoni kwa mguu, nikaketi kwenye stuli yangu mlangoni kama siku zote, nikavuta kazi iliyokuwa mbele yangu. Yeye akaitazama stuli yangu. Halafu akasema, "Karibu tena, Mwalimu," akawasha chuma cha kulehemia, na muda si mrefu akajiunguza kidole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kesho yake katoni lilikuwa limerudi mahali pake.

Simu ilipojaa, jioni, ilinionyesha maandishi niliyokuwa nimeyatunga mimi mwenyewe: Kuna sauti moja ilikuja kwako. Majivu yamezolewa. Basi, bila jina la mtu. Nikamuuliza Mama Minza kupitia turubai kama ni yeye aliyenisemesha nilipokuwa harusini. Alikuwa anamenya viazi. Nilisikia kisu kikisimama. Halafu akasema, "Aliyesema na wewe yupo. Atasema tena." Nikaridhika. Nilidhani ni mmoja wa waponda mawe, anataka nimsomee barua ya kliniki.

Baada ya hapo Yusufu alinigeukia kuwa mtu mwenye heshima, na mtu akishaanza kukuheshimu kwa namna ile, hakuna tena utani. Alishukuru kwa kila kitu. Michembe aliila akiwa macho. Nilidhani nimemchosha, au amepata mchumba kwao Nyasubi, na kwa kuwa nina kiburi changu, nami nikawa mtu wa asante na samahani. Kiangazi kilipoingia, mnara mpya ukasimamishwa kilimani na vifurushi vya bure vya ule mtandao mkubwa vikagawiwa sokoni pamoja na fulana. Hakuna aliyetugombeza. Watu waliondoka mmoja mmoja, kwa haya, wakirudisha visanduku vimefungwa kwenye khanga kama wanarudisha sufuria ya kuazima. "Si kwamba hatukupenda, fundi," walisema. "Ila watoto wa dada yangu wote wako kule." Yusufu alivipokea vyote kwa mikono miwili. Mwishowe vilibaki viwili, cha kwake na cha Mama Minza, vinaongea vyenyewe kupitia turubai. Nilipopata kazi ya kufundisha Shinyanga, alinisindikiza mpaka kituoni na begi langu begani. "Safari njema, Mwalimu," akasema. Nilingoja aongeze neno. Nilingoja mpaka gari likapinda kona.

Sasa nimerudi. Barabara ni nzuri, maturubai yamekuwa matofali, karasha zimehamia mbali na bado watu wanaongea kwa sauti ya juu. Mjane wake nilimkuta ndani, kwenye eda, mwanamke mpole kuliko nilivyojiandaa kumkuta. Tulisomewa dua, tukala pilau. Alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe ulifanya naye kazi. Huna hata picha yake? Hakupenda kupigwa picha, hata na watoto. Naogopa mdogo ataisahau sauti yake." Nikamwambia sina. Tukatazamana, wanawake wawili watu wazima, kila mmoja akitaka kumwomba mwenzake kitu kile kile, na nikamwonea uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Mchana, Mama Minza akanivuta jikoni kwake. Amezeeka, amekuwa mdogo, lakini mwiko bado ni wake. Alinipa michembe na chai. Nikamuuliza bila kuzunguka, maana nilikuwa nimechoka kuzunguka. "Mama, wewe ulikuwa nyuma ya turubai mwaka mzima ule. Alinipenda, au hapana?"

Akaweka kikombe chini. "Ile sauti iliyozolewa," akasema. "Ulikuja ukaniuliza."

"Nakumbuka."

"Ilikuwa ya kwake. Jumamosi ile mchana, kabla hajaenda Nyasubi. Alianza kuirekodi akafuta, akaanza tena akafuta, mpaka ugali wangu ukaungua kwa kumsikiliza." Alinitazama usoni. "Nilisikia, Rejina. Gete, nilisikia neno kwa neno. Lakini halikuwa langu. Na uliponiuliza nikajua hukulipata, nikasema moyoni, mwanaume mzima, atasema tena. Nikangoja aseme. Nimengoja mpaka wamemzika."

"Alisema nini, mama?"

Akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, mmoja halafu mwingine. "Alisema, 'Mwalimu, nakwenda kumwambia mama yangu habari zako. Sitaki nikuulize usoni ukakosa pa kukimbilia. Nikirudi Jumatatu, nitakuwa nimeondoa katoni. Ukikubali, usiseme kitu, chukua stuli yako uje ukae upande wangu. Usipokubali, kaa palepale pako, nami sitakuuliza tena maisha yangu yote, tutafanya kazi kama kawaida.' Ndivyo alivyosema."

Sikulia pale. Nilikuwa naliona lile gunia lililokunjwa. Naliona shati jeupe, na mguu wangu unasukuma katoni kama takataka. Hakuwa na namna ya kujua kama nimesikia. Tulihakikisha hivyo mimi na yeye, kwa makofi ya kikao kizima. Alitimiza alichoahidi. Hakuniuliza tena. Mama Minza alikuwa analia kimya kimya, anasema nimsamehe, nikamwambia hakuna cha kusamehe, na ni kweli. Angekuwa mtu wa kuchukua maneno ya turubai na kuyapeleka, tusingeishi pale hata wiki.

Nikaomba ruhusa kwa mjane niione karakana. Akamwita binti yake mkubwa, Zuhura, aje na funguo. Kuta ni za tofali na simu za siku hizi ni nyembamba, lakini mlango uko palepale magharibi, na meza ni ile ile ya kreti, imeongezwa miguu. Kiti chake upande wa ndani. Katoni la betri pembeni yake. Stuli mlangoni. Nikaingia, nikalibeba lile katoni, zito kweli kweli kwa umri wangu, nikaliweka kando. Nikachukua stuli, nikazunguka nayo meza, nikaiweka pale, nikaketi. Jua la alasiri lilikuwa linaingia mlangoni na kuangukia sehemu moja tu ya chumba kizima, pale nilipokuwa ninakaa mimi. Mwaka mzima yeye alikuwa kwenye kiza, akinitazama.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na funguo, anashangaa kwa adabu.

"Mama, mbona umekaa huko kwenye giza? Mwanga uko huku."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Niache nikae hapa kidogo."